Hektor na asteroidi za Troia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watazama anga wa Unguja na Pemba

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila anga la usiku linapozungumzwa na wanafunzi, walimu wao wa skuli na watu wenye darubini zao majumbani. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwa jingine. Visiwa hivi vimekaa mahali pazuri sana kwa kazi hii, na majibu ya kuanzia swali la 11 yanaonesha kwa nini.

## Mambo ya mwanzo

1. Hektor ni kitu gani?

Ni asteroidi, yaani jabali kubwa linalolizunguka Jua kama sayari zinavyolizunguka. Namba yake rasmi ni 624. August Kopff aliigundua tarehe 10 Februari 1907 huko Heidelberg, Ujerumani. Inapita katika njia ya Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote: umbali wake kutoka kwenye Jua ni kama wa Mshtarii, wastani wa kilomita milioni 778 hivi, na mzunguko wake mmoja unachukua karibu miaka 12, sawa na wa Mshtarii.

Umbo lake ni refu. Urefu unakaribia kilomita 400 na upana ni kama nusu ya hapo. Wataalamu wengi wanaona ni mawe mawili yaliyogusana na kubaki pamoja. Ukipima kutoka Kizimkazi, kusini ya Unguja, hadi Ras Kigomasha, kaskazini ya Pemba, unapata kilomita 180 hivi. Hektor inazidi umbali huo mara mbili. Ina mwezi wake mdogo wa kilomita 12 hivi, uitwao Skamandrios, ulioonekana mwaka 2006 kwa darubini ya Keck kule Hawaii.

2. Asteroidi za Troia ni zipi, na ziko ngapi?

Ni zile zote zinazoshiriki njia na Mshtarii. Zimejikusanya katika makundi mawili: moja limetangulia mbele ya Mshtarii kwa nyuzi 60 za mzunguko, jingine linafuata nyuma kwa nyuzi 60. Kwenye vitabu la mbele huitwa L4 na la nyuma L5. Hapa tutasema kambi ya mbele na kambi ya nyuma. Zinazojulikana sasa zimepita 10,000, na kambi ya mbele ina nyingi zaidi. Hektor imo kambi ya mbele, na ndiyo kubwa kuliko zote za makundi haya mawili.

3. Majina haya ya kivita yametoka wapi?

Ya kwanza kutambuliwa ni 588 Achilles, iliyogunduliwa na Max Wolf tarehe 22 Februari 1906. Johann Palisa wa Vienna akapendekeza zote zipewe majina ya mashujaa wa Vita vya Troia, hadithi ya kale ya Wagiriki. Baadaye ukawekwa utaratibu: Wagiriki kambi ya mbele, watu wa Troia kambi ya nyuma. Lakini mbili zilikuwa zimeshapewa majina. Hektor, shujaa wa Troia, akabaki kambi ya Wagiriki, na Patroclus, Mgiriki, akabaki kambi ya Troia. Ndiyo maana husemwa kila kambi ina jasusi wake.

Mashujaa wa hadithi walipoanza kupungua, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliruhusu asteroidi ndogo za makundi haya zipewe majina ya wanamichezo wa Olimpiki. Anayependekeza jina ni mgunduzi. Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, walioleta Tanzania medali za fedha kutoka Moscow mwaka 1980, ni watu wa aina hiyo hasa.

4. Naweza kuiona kwa macho?

Hapana, wala kwa darubini ndogo ya mkononi. Mwangaza wa nyota hupimwa kwa madaraja, na namba ikiwa kubwa ndivyo kitu kinavyofifia. Jicho zuri mahali pa giza huishia daraja la 6. Hektor hucheza kati ya 14 na 15, yaani imefifia kuliko nyota hiyo ya mwisho kwa zaidi ya mara 1,500. Zilizobaki ni hafifu zaidi. Vifaa vinavyofaa viko swali la 12.

5. Nikielekeza darubini kwenye Mshtarii naona vinukta vinne pembeni. Ndizo hizo?

Hivyo ni miezi minne mikubwa ya Mshtarii: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Asteroidi za Troia haziko karibu na Mshtarii hata kidogo. Kambi yoyote iko mbali na Mshtarii kama Mshtarii ilivyo mbali na Jua.

Nyosha mkono wako mbele na utanue shibiri: kutoka ncha ya kidole gumba hadi cha kidole cha mwisho ni nyuzi 20 hivi. Shibiri tatu kutoka Mshtarii kuelekea mashariki ndiyo kambi ya mbele, na shibiri tatu kuelekea magharibi ndiyo kambi ya nyuma. Kwa hiyo kambi ya nyuma huchomoza karibu saa nne kabla ya Mshtarii, na ya mbele huchomoza karibu saa nne baada yake. Wanaoanza huligeuza hili mara kwa mara: kilichotangulia katika mzunguko huchelewa kuchomoza, kwa sababu sayari hujongea kuelekea mashariki kati ya nyota.

## Njia moja bila kugongana

6. Kwa nini Mshtarii haizigongi wala kuzimeza?

Kwanza, mwendo wao ni mmoja, kilomita 13 hivi kwa sekunde, kwa hiyo hakuna anayemfikia mwenzake. Lakini hilo peke yake halitoshi, maana kitu kikisogea kidogo tu kingepaswa kuendelea kusogea hadi kigongane. Kinachoshikilia ni mvutano wenyewe. Joseph-Louis Lagrange alionesha kwa hesabu mwaka 1772 kwamba kitu kidogo kinaweza kutulia mahali ambapo kinafanya pembetatu ya pande sawa na vitu viwili vikubwa. Ilipita zaidi ya miaka 130 ndipo Achilles ilipoonekana.

Chukua asteroidi ya kambi ya mbele. Ikirudi nyuma na kuikaribia Mshtarii, Mshtarii inaivuta kinyume cha mwendo wake. Mtu atadhani itaanguka kuelekea Mshtarii. Haiendi hivyo: ikipokonywa nguvu ya mwendo inashuka kwenye njia ya ndani kidogo, karibu zaidi na Jua, na njia ya ndani huzungukwa kwa kasi zaidi. Basi inachapuka na kwenda mbele, mbali na Mshtarii. Ikivuka nyuzi 60 mambo yanageuka. Jua nalo huvutwa na Mshtarii na kuyumba kidogo, na kwa umbali huo kuyumba kwa Jua kunaizidi nguvu ya Mshtarii na kuisukuma asteroidi mbele. Ikipata nguvu inapanda njia ya nje, inapunguza kasi, na Mshtarii inaanza kuikaribia tena. Hivyo inakwenda na kurudi.

Sharti ni moja: kitu kikubwa kiwe na uzito wa zaidi ya mara 25 hivi kuliko kile cha pili. Jua limeizidi Mshtarii kwa mara 1,047, kwa hiyo sharti limetimia kwa mbali.

7. Kwa hiyo haziko hasa kwenye nyuzi 60?

Ni chache mno zilizo hapo hapo. Zinayumba kuzunguka alama hiyo, safari moja ya kwenda na kurudi ikichukua kama miaka 150, na baadhi hupotoka makumi ya nyuzi. Tena njia zao zimeinama: ya Hektor imeinama nyuzi 18, ya Patroclus 22. Zile shibiri tatu za swali la 5 zinakuonesha mtaa tu. Nyumba utaipata kwenye jedwali (swali la 13).

8. Kuna hatari moja ikatoka na kuja kuigonga Dunia?

Hektor imetulia na haina njia ya kufika huku. Ndogo ndogo huponyoka taratibu, kwa muda wa mamilioni na mabilioni ya miaka, na zikitoka zinaanza maisha ya kuyumbayumba kama nyota mkia zinazotawaliwa na Mshtarii. Asteroidi zinazofuatiliwa kwa ajili ya usalama wa Dunia ni kundi jingine kabisa, lile ambalo njia zake zinaikaribia njia ya Dunia.

9. Zilifikaje hapo?

Maelezo yenye nguvu kwa sasa ni kwamba zilitekwa. Zamani sana, sayari kubwa zilipokuwa bado zinahama kabla ya kutulia katika njia zao, mawe mengi kutoka mbali zaidi ya Mshtarii yalitawanywa, na machache yakanaswa kwenye nafasi hizi mbili. Kufanana kwa rangi yao na vitu vya nje kabisa vya mfumo wa Jua kunaunga mkono wazo hilo. Mwinamo mkubwa wa njia zao nao ni ushahidi: vitu vilivyozaliwa palepale na Mshtarii vingelala katika bapa moja nayo. Ndiyo sababu chombo kizima kimetumwa kwenda kuziangalia (swali la 16).

## Weusi wake

10. Ni nyeusi kiasi gani, na kama hivyo ukubwa wake ulipimwaje?

Zinarudisha asilimia 4 hadi 7 tu ya mwanga wa Jua unaozipiga. Kipande cha mkaa kabla hakijawashwa ndicho mfano wa karibu. Nyingi, Hektor ikiwamo, zina wekundu kidogo juu ya weusi huo, wa aina ambayo wataalamu huiita aina ya D. Vumbi la mawe na vitu vyenye kaboni, vilivyopigwa na mionzi kwa mabilioni ya miaka, ndivyo vinavyoaminika kuipa ngozi hii. Barafu huenda ikawa ndani: uzito wa Patroclus kulinganisha na ukubwa wake ni mdogo, karibu sawa na wa maji.

Ukubwa haupatikani kwa mwanga peke yake. Jiwe dogo jeupe na jiwe kubwa jeusi vinaweza kung'aa sawasawa. Lakini kinachorudisha mwanga kidogo hufyonza mwingi, kikapata joto, na joto hilo hutoka kama mionzi isiyoonekana kwa macho. Satelaiti zinazopima joto, kama IRAS ya mwaka 1983 na WISE iliyorushwa 2009, hulinganisha mwanga na joto, na hapo kipenyo hupatikana. Njia ya pili, ambayo ndiyo sahihi zaidi, ni kupima kivuli cha asteroidi inapoifunika nyota. Hiyo tunaweza kuifanya hapa hapa (swali la 18).

## Kuitafuta kutoka Unguja na Pemba

11. Msimu gani ni mzuri?

Asteroidi hung'aa zaidi inapokuwa mkabala na Jua, yaani inachomoza jua linapokuchwa. Mshtarii hufika hapo tarehe 10 Februari 2027 hivi, kisha katikati ya Machi 2028, kisha katikati ya Aprili 2029. Kambi ya nyuma hufika kama siku 66 kabla yake, na ya mbele siku 66 baadaye. Kwa hiyo kambi ya nyuma ni mapema Disemba 2026, mapema Januari 2028 na mapema Februari 2029. Kambi ya mbele ni katikati ya Aprili 2027, katikati ya Mei 2028 na katikati ya Juni 2029.

Kwa hali yetu ya hewa maana yake ni hii. Kambi ya nyuma inaangukia kaskazi, na Januari na Februari ndiyo miezi ya anga safi. Kambi ya mbele, pamoja na Hektor, inaangukia masika mwaka 2027 na 2028, wakati mawingu yanaweza kukaa wiki nzima, zaidi Pemba. Ushauri wetu: 2027 na 2028 shughulikia Patroclus na wenzake, na Hektor uitegee Machi kabla mvua hazijashika, au Juni zikishaondoka, ingawa itakuwa imefifia kidogo. Mwaka 2029 kambi ya mbele itakuja wakati wa kipupwe, baada ya mvua. Mawingu ya kusi hupita haraka. Usifunge vifaa kwa wingu moja.

Faida yetu ni hii: tuko nyuzi 5 hadi 6 tu kusini ya ikweta, kwa hiyo njia ya sayari hupita karibu na utosi. Asteroidi hizi zikifika kilele mara nyingi huwa juu ya nyuzi 60, mahali ambapo hewa ni nyembamba na unyevu ni mdogo. Mtazamaji wa Ulaya ya kaskazini hana nafasi hiyo kila mwaka.

Giza kamili linaingia pamoja na Isha na linaondoka na Alfajiri, maana nyakati hizo zote zinahesabiwa kwa Jua kuwa chini ya upeo kwa nyuzi 18 hivi. Ratiba ya msikitini inatosha kupangia kazi. Mahali: Makunduchi upande wa Unguja, Makangale na Konde upande wa Pemba. Kizimkazi ni pazuri lakini mng'ao wa Dar es Salaam unaonekana kusini-magharibi.

12. Nahitaji vifaa gani?

Kwa jicho, darubini ya kioo cha sentimita 30, tena usiku usio na mwezi, na hata hapo utaona kinukta cha kubahatisha. Kwa kamera ni rahisi zaidi. Kioo cha sentimita 15 chenye urefu wa fokasi wa milimita 750, kamera ya astronomia au ya kawaida yenye lenzi ya kutoka, na stendi inayofuata nyota vinatosha kuipata Hektor katika picha ya sekunde 60.

Kujua kipimo cha picha yako, zidisha 206 kwa ukubwa wa pikseli (kwa mikroni), kisha gawa kwa urefu wa fokasi (kwa milimita). Pikseli ya mikroni 3.76 na fokasi ya 750 zinakupa karibu sekunde 1 ya tao kwa kila pikseli (hii si sekunde ya saa: nyuzi moja ya anga ina dakika 60 za tao, na kila dakika ina sekunde 60 za tao). Hicho ni kipimo kizuri. Kikizidi sekunde 3, mwendo wa asteroidi unakuwa mgumu kuuona kwa usiku mmoja.

13. Nimepata jedwali la mahali ilipo, lakini siioni. Nini kimeharibika?

Mara nyingi ni saa. Majedwali ya mtandaoni ya Minor Planet Center na ya JPL Horizons, yanayoonesha mahali asteroidi ilipo, hutumia UT, yaani saa ya dunia nzima. Saa za Afrika Mashariki ziko mbele kwa saa 3, na saa ya Kiswahili iko nyuma ya hiyo kwa saa 6. Njia fupi: toa 3 kwenye UT, na ukizidi 12 toa 12. UT 18:00 ni saa tatu usiku. UT 22:00 ya tarehe 14 ni saa saba usiku wa kuamkia tarehe 15, na hapo ndipo tarehe inapowapotea watu.

Asteroidi ya Troia iliyo mkabala na Jua hujongea sekunde 20 za tao kwa saa, karibu dakika 8 za tao kwa siku. Ukichanganya saa ya Kiswahili na ya kizungu umekosea saa 6, yaani dakika 2 za tao. Bado imo ndani ya picha, lakini nyota nyingine itakuwa karibu na alama yako na utaiamini hiyo. Ukikosea siku nzima, kwa fokasi ndefu inaweza kutoka nje ya picha.

Kosa la pili ni kuacha mahali pa mtazamaji wazi au kuandika latitudo bila alama ya kutoa. Mji Mkongwe ni −6.16 na 39.19, Chake Chake ni −5.25 na 39.77. La tatu ni vipengele vya zamani vya njia, yaani namba zinazoieleza njia ya asteroidi, katika programu ya simu. Vipakue upya kila baada ya miezi michache.

14. Stendi yangu ya ikweta haiteremki hadi nyuzi 6. Nifanyeje?

Hili ndilo tatizo la kweli la visiwani. Stendi ya ikweta hufuata nyota kwa kuzunguka mhimili mmoja, na mhimili huo unatakiwa uelekee ncha ya kusini ya anga, ambayo kwetu iko nyuzi 6 tu juu ya upeo Unguja na 5 Pemba, nyuma ya minazi na ukungu wa bahari. Stendi nyingi hugoma kwenye nyuzi 10 au 15.

Zinamishe kwa miguu. Elekeza mguu mmoja kusini, kisha uufupishe huo au unyanyue miwili ya kaskazini. Kwa miguu iliyotanuka mita 1, kila nyuzi moja ni sentimita 1.7 hivi, kwa hiyo nyuzi 9 zinahitaji sentimita 16. Uzito wote sasa unaegemea kusini. Ning'iniza mfuko wa mchanga kwenye miguu ya kaskazini kabla hujapandisha darubini. Uzani wa kusawazisha utakaribia kugonga mguu, basi weka nguzo fupi kati ya miguu na kichwa, na uzungushe stendi pande zote kwa mkono kabla ya kuwasha mota. Usihangaike kutafuta nyota ya ncha ya kusini: ni ya daraja la 5.5 na imelala kwenye ukungu. Tumia programu inayopanga stendi kwa picha tatu, au njia ya zamani ya kutazama nyota inavyokwea na kushuka.

Ukiwa na stendi ya kawaida ya juu-chini na kulia-kushoto, usiidharau. Tatizo lake ni picha kujizungusha, na karibu na ikweta kujizungusha huko kunakaribia sifuri unapotazama mashariki hasa au magharibi hasa. Piga picha asteroidi ikiwa nyuzi 30 hadi 60 upande wa mashariki, acha ipite utosini bila kuigusa, kisha uendelee upande wa magharibi. Sekunde 20 hadi 30 kwa picha, nyingi, halafu uziunganishe.

15. Nitajuaje ndiyo yenyewe? Na umande na chumvi je?

Inajulikana kwa kusogea. Piga seti ya picha, subiri saa moja au mbili, piga seti nyingine ya mahali pale pale, zilinganishe na uzipishanishe kwa haraka kwenye skrini. Nyota zitatulia, kinukta kimoja kitaruka. Pima mruko: kwa saa mbili utegemee sekunde 40 za tao. Kinachoruka sekunde 70 au 80 ni asteroidi ya mkanda wa kawaida, ulio kati ya Mirihi na Mshtarii, iliyo karibu zaidi nasi. Kinachoonekana katika picha moja tu ni pikseli mbovu au mionzi. Kinachoacha mstari mrefu ni satelaiti.

Ukiwa na subira, Hektor ina zawadi. Inajizungusha kwa saa 6 na dakika 55, na kwa kuwa ni ndefu, mwangaza wake unapanda na kushuka mara mbili kwa kila mzunguko. Miaka tunayoiona kwa ubavu, tofauti hiyo ya mwangaza inazidi daraja zima. Piga picha kila dakika tano, usiku mmoja mrefu, uilinganishe na nyota tatu za jirani ambazo hazibadiliki, na utachora umbo lake kwa mwanga.

Umande hushuka mapema pwani. Kioo cha mbele kifungie mkanda wa kupashia joto kabla hakijalowa. Kikishalowa umepoteza nusu saa. Usifute kioo kwa kanga wala kwa shati, chumvi iliyokauka inakwaruza. Puliza kwanza, kisha maji yaliyosafishwa. Kifaa kikirudi ndani kiache wazi kikauke, ndipo ukifunge na vifuko vya silika. Na beba betri: umeme ukikatika katikati ya kazi, mpangilio wa stendi unapotea.

## Chombo cha Lucy

16. Kuna chombo kilichokwenda huko?

Ndiyo. Lucy ya NASA ilirushwa tarehe 16 Oktoba 2021 kutoka Cape Canaveral, na ni chombo cha kwanza kutumwa kwenye asteroidi za Troia. Jina ni la mifupa ya kale iliyofukuliwa Hadar, Ethiopia, mwaka 1974. Asteroidi ya kwanza kuipita njiani, tarehe 1 Novemba 2023, iliitwa Dinkinesh, jina la mifupa hiyo hiyo kwa Kiamhari. Ikaonekana ina mwezi, na mwezi wenyewe ni mawe mawili yaliyogusana. Tarehe 20 Aprili 2025 ilipita Donaldjohanson, iliyopewa jina la mgunduzi wa mifupa.

Kambi ya mbele imepangiwa hivi: Eurybates Agosti 2027, Polymele Septemba 2027, Leucus Aprili 2028, Orus Novemba 2028. Kisha inarudi kupita karibu na Dunia ili iongezewe kasi, na Machi 2033 inafika kambi ya nyuma kwa Patroclus na mwenzake Menoetius, mawe mawili ya zaidi ya kilomita 100 kila moja yanayozungukana kwa siku 4 na ushei.

17. Mbona haiendi Hektor, iliyo kubwa kuliko zote?

Chombo hakitui wala hakigeuki kinapotaka. Kinapita tu, na shabaha zilichaguliwa zile zinazokatiza njia yake kwa mafuta machache. Mwinamo wa Hektor na mahali ilipo haviiweki kwenye njia hiyo. Nguvu nayo ni haba: mwanga wa Jua kule ni sehemu moja ya 27 ya huu wetu, ndiyo maana Lucy ina paneli mbili za duara zenye kipenyo cha zaidi ya mita 7. Moja haikufunguka hadi mwisho na kujikaza baada ya kurushwa, lakini ilifunguka kwa zaidi ya asilimia 98.

## Masuala ya pembeni

Je, sayari nyingine zina asteroidi kama hizi? Zinazo. Mirihi ina Eureka na wenzake, Neptuni ina zaidi ya moja, na Dunia ina mbili zinazojulikana, 2010 TK7 na 2020 XL5. Hakuna sayari inayokaribia wingi wa Mshtarii.

Nimesoma kuna moja inayokwenda kinyume. Ni kweli. Inaitwa Kaʻepaokaʻāwela. Inashiriki njia na Mshtarii lakini inazunguka upande wa pili, na imetulia kwa namna yake kwa kuwa kila wanapopishana mvutano mmoja unafuta mwingine. Haihesabiwi katika kambi mbili, na maelezo ya swali la 6 hayaihusu.

Na ile ya Troia yenye mkia? Mwaka 2020 kitu kiitwacho 2019 LD2 kilitangazwa hivyo. Hesabu za njia yake zikaonesha ni mpita njia aliyefika mtaa huo kwa muda, si mwenyeji.

Katika falaki Mshtarii ni nyota ya Alhamisi. Hektor ina athari gani? Vitabu vya zamani vya falaki vilihesabu vinavyoonekana kwa macho, na Hektor haikuwamo hadi 1907. Ukurasa huu unahusu mahali ilipo na mwendo wake tu.

18. Kivuli cha asteroidi kikipita Zanzibar, tunaweza kukipima?

Tunaweza, na hapa ndipo umbo la visiwa vyetu linapokuwa mtaji. Asteroidi ikipita mbele ya nyota, kivuli chenye upana sawa na wake hukimbia juu ya Dunia, mara nyingi kati ya mashariki na magharibi. Visiwa vyetu vimelala kaskazini-kusini. Watazamaji waliopangwa Kizimkazi, Tunguu, Mkokotoni, Nungwi, Mkoani, Chake Chake, Wete na Konde wanaukata mwili mzima wa asteroidi kama Patroclus kwa mistari sambamba. Kwa njia hii hii watazamaji waligundua mwaka 2022 kwamba Polymele ina mwezi wake.

Kivuli hukimbia kilomita 16 au 17 kwa sekunde. Patroclus, yenye kilomita 113, inaizima nyota kwa sekunde 7 kwa wingi. Rekodi video badala ya picha, kwa kasi ya fremu 5 au zaidi kwa sekunde, na muda utoke kwenye GPS. Saa ya simu isiyounganishwa na mtandao inaweza kuwa nje kwa sekunde nzima, na kosa hilo ni kilomita 16 za asteroidi. Anza dakika mbili kabla, maliza dakika mbili baada. Watu wawili kijiji kimoja ni mstari mmoja tu. Tawanyikeni kilomita 10 au 15 kutoka kaskazini kwenda kusini.

19. Nyota yangu haikuzimika. Niripoti?

Ripoti. Mstari uliokosa unaonesha ukingo wa asteroidi uliishia wapi, na bila huo umbo linabaki wazi upande mmoja. Andika "haikuzimika", muda wa kuanza na wa kumaliza kurekodi kwa UT, latitudo, longitudo na mwinuko wa ulipokuwa, ukubwa wa darubini, na kama wingu lilipita katikati. Ukiwa umekosa kwa sababu ya wingu andika hivyo, maana hilo si sawa na kutozimika.